Mechi Tatu za Kulegeza

Kisukari kilipomaliza macho ya mzee fundi saa, mwanawe alirithi vitu viwili: meza iliyojaa saa mbovu na timu ya kikapu ya kwenye simu. Saa hazikumpa shida. Timu ndiyo iliyomtoa jasho, maana mzee alikuwa ameijenga miaka sita, mchezaji mmoja mmoja, kwa nia moja tu: kumfunga mdogo wake kabla yeye mwenyewe hajafa.

Huyo mdogo mtu naye alikuwa na timu, bingwa wa ligi hiyo ya simu, na mdomo wake haukuwa na breki. Kila jioni alikuja kumjulia hali kaka yake.

"Kaka, kati ya timu yako na macho yako, kipi kilitangulia kufa?"

Mzee alicheka kicheko cha kulazimisha. Mwanawe aliuma meno, akaendelea kufungua saa.

Timu ya baba mdogo ilikuwa na jitu moja chini ya goli, walilolibatiza Mnara. Mwana alisoma ripoti za msimu mzima mpaka akaona upenyo: ukimzingira Mnara kwa watu watatu, wenzake watarusha kutoka mbali, na kurusha hawajui kabisa. Ila kazi hiyo inataka ari, na katika mchezo ule ari hukusanywa kwa kuichezesha timu kwa kiwango cha Legeza. Basi akalegeza mechi tatu mfululizo, makusudi, ili ya nne, dhidi ya bingwa, aweke Kufa na Kupona, kiwango cha juu kabisa.

Hakumwambia baba yake. Mzee hakuwa na kifua hata kidogo. Alichojua asubuhi, jioni mdogo wake alikuwa nacho.

"Tumefungwa tena? Au unalegeza, mwanangu?"

"Hapana, baba. Tumejitahidi, bahati tu."

Baada ya mechi ya tatu, baba mdogo alikuja na simu mkononi.

"Kaka, ripoti iko wazi. Mwanao analegeza. Amekuchoka wewe na timu yako, basi tu anaona haya kukwambia."

Mzee aligeukia ukutani. Mwana alitaka kusema, akajizuia. Ilibaki siku moja tu.

Kesho yake alasiri walikaa wote watatu chumbani. Matokeo yakaja: sabini na moja kwa sitini na nne.

"Baba, tumemfunga! Tumemfunga!"

Mzee alisimama bila fimbo, machozi yakimtoka, mikono ikitafuta wa kumkumbatia. Baba mdogo alikuwa amekodoa macho. Kisha akakohoa.

"Hongera, kaka. Roho iliniuma kukuona vile jana, nikaweka Legeza."

"Muongo! Baba, ripoti hii hapa, ameweka Kufa na Kupona!"

Mikono ya mzee ikashuka.

"Nani aliniambia tumejitahidi? Mara tatu nilikuuliza."

"Ulikuwa mpango, baba! Nilikuwa naweka akiba ya ari kwa ajili ya leo!"

"Mpe baba yako mdogo simu. Anisomee yeye."

Baba mdogo aliipokea. Kufa na Kupona, ndivyo ilivyoandikwa, timu zote mbili. Aliitazama, akamtazama kijana usoni.

"Legeza," akasoma.

Mzee aliketi polepole. "Asante kwa kunihurumia, mdogo wangu." Kisha akageuza uso upande aliodhani mwanawe yupo. "Ifute hiyo timu. Sasa hivi, nisikie."

Baba mdogo akamrudishia kijana simu, akamwonyesha kwa kidole pa kubonyeza.