Mtoto wa Mkunjoni

Saa nane na nusu mchana, mjukuu alipotoka shule, Bibi Brashi alimsimamisha katikati ya sebule, mkongojo kwapani, akamwambia akimbie bila kusogea. Mtoto aliizoea kazi hiyo. Alitanguliza mguu mzima, akauacha nyuma ule uliopinda tangu kuzaliwa, akaachama kama anayefukuza kitu, kisha akaganda. Bibi alichora haraka kwa penseli laini, maana mtoto wa miaka minane hawezi kukimbia bila kusogea kwa zaidi ya dakika tatu.

"Usinichoree mguu mwingine," mtoto alisema huku bado ameachama. "Huu huu."

"Nani kakwambia nina mguu wa akiba, mke mwenzangu?"

Waliitana hivyo, wake wenza, ingawa mume wao alikuwa na mwaka wa sita kaburini.

Bibi Brashi alikuwa amechora vitabu vya watoto kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye meza ileile ya kulia chakula. Watu wazima wengi mjini walijifunza kusoma huku wakitazama kuku wake, na hakuna aliyemjua. Kitabu cha safari hii kilimhusu bata aliyeiba kofia ya mwalimu mkuu. Ukurasa wa kumi na nne na wa kumi na tano ulikuwa picha moja pana ya watoto kumi na mmoja wakimfukuza bata. Mjukuu alikuwa wa tano, peupe kabisa, na alikuwa ameshalitangazia darasa lake zima kwamba yumo kitabuni na mkongojo wake.

Mhariri wa kampuni ya vitabu alikuwa kijana mpole mwenye maneno ya asali. Alimvutia Bibi kiti, akamwita mama, akamsifia bata. Kisha akaweka kidole juu ya mtoto mwenye mkongojo. Alieleza kwamba kitabu ni cha furaha, kwamba wanunuzi huanza kutazama picha hiyo, na kwamba yeye binafsi hana neno.

"Sijasema umtoe, mama. Msogeze kidogo tu, huku katikati."

Huku katikati ndiko kurasa mbili zinakoshonwa pamoja. Mchoraji yeyote hufundishwa mapema kwamba uso hauwekwi kwenye mkunjo, kwa sababu mkunjo humeza. Mhariri alilijua hilo, na Bibi Brashi alijua kwamba analijua. Lilikuwa jambo la funika kombe mwanaharamu apite, naye kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumkatalia mhariri hata mmoja. Alirudi nyumbani akamchora mtoto upya, sentimita chache kando. Alimchora vizuri kuliko wenzake wote. Hakumweleza mjukuu habari hiyo.

Nakala sita ziliwasili zimefungwa kwa karatasi ya kaki. Mtoto alikaa sakafuni, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akahesabu kwa kidole. Walikuwa kumi. Upande mmoja wa mkunjo ilichungulia ncha ya mkongojo, na upande wa pili kipande cha utepe wa nywele. Alihesabu tena. Bibi Brashi alikuwa akiosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Mtoto aliinama, akatega sikio mkunjoni, akakaa hivyo kitambo.

"Nimo," alisema. "Ninapumua."

Kisha akakipanua kitabu mpaka mgongo wake ukalia, akakilaza kifudifudi na kukikalia.

Asubuhi ya pili kiwiko kilikuwa kimetoka. Siku iliyofuata likatoka bega. Kufikia Alhamisi mtoto wa kwenye picha alikuwa amesimama mzima katika ukurasa wa kumi na tano, anahema, nywele zimevurugika na gundi kidogo shingoni. Bibi Brashi alichukua lenzi. Mistari ilikuwa yake, shinikizo la brashi lilikuwa lake, lakini mkao ule hakuwahi kuuchora. Alitazama kwa muda mrefu, halafu akaenda kuanua nguo kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda.

Haikupita wiki, ikaja barua ya mwalimu wa darasa la pili wa shule ya ng'ambo ya mji. Wanafunzi wake walikuwa na nakala arobaini na tatu, nao, walipoiona ncha ya mkongojo, walikuwa wamezikalia zote. Mtoto wa mkunjoni alikuwa ametoka na sasa anatembea, ukurasa mmoja kwa siku, na darasa lilikataa kufunua ukurasa kabla hajauvuka. Bata naye alikuwa amepunguza mwendo. Mwalimu hakulalamika. Aliuliza tu kama katika vitabu vijavyo mtoto huyo angeweza kuanzia kurasa za mwisho, maana mtihani umekaribia.

Bibi Brashi alikwenda kujionea. Alikuta darasa limetulia, mikono imefungwa vifuani, vitabu vimelazwa wazi juu ya madawati. Kwanza hakusikia kitu. Halafu sauti ikapanda kutoka kwenye karatasi: ko, kisha mburuzo, ko, kisha mburuzo. Ilikuwa hatua moja ya watoto arobaini na watatu. Aliinamia dawati la mbele. Msichana wa kwenye picha alikuwa ukurasa wa ishirini na moja, na kwenye paji la uso alikuwa na tone la jasho ambalo hakuna brashi iliyoliweka. Mwishoni mwa ukurasa bata alisimama na kofia mdomoni, amegeuza shingo, anasubiri.

Moyo wa Bibi Brashi ulijaa. Miaka yote alidhani kazi yake ni kupamba maneno ya wengine. Sasa aliona kitu kikubwa kuliko yeye kikipita juu ya karatasi, kimetoka mkononi mwake na hakikumhitaji tena, akaogopa na kufurahi kwa wakati mmoja. Alilia mbele ya darasa zima bila kujificha.

"Bibi," mwenye dawati alimnong'oneza, "unamzibia mwanga."

Akasogea pembeni.

Ofisini kwa mhariri kiliitishwa kikao. Hakuna aliyebisha kwamba mtoto anatembea. Mtunza ghala alikuwa amemsikia mwenyewe. Kilichowakera ni migongo ya vitabu iliyovunjika. Iliamuliwa kwamba nakala zote zirudishwe, na toleo la pili lishonwe kwa uzi wa nailoni na kupakwa gundi mara mbili. Bibi Brashi alipiga moyo konde, akaomba mtoto achorwe mahali palipo wazi, ili asiwepo wa kuvunja chochote. Mhariri alimsikiliza kwa heshima zote.

"Wazo zuri sana, mama. Tutalifikiria." Kisha akaomba kwamba katika kitabu kijacho, kwa usalama wa vitabu, watoto wote wawe na miguu mizima.

Nakala zilikusanywa siku msichana alipofika ukurasa wa ishirini na tisa. Kitabu kilikuwa na kurasa thelathini na mbili. Walizichukua hata zile sita za nyumbani, kwa mujibu wa mkataba.

Gari la kampuni lilipoondoka, Bibi Brashi alikaa mkabala na mjukuu wake, aliyekuwa akichonga penseli.

"Ni mimi niliyekuweka pale mkunjoni. Waliniambia, nikakubali."

"Najua. Mkono ni wako." Mtoto alipuliza unga wa penseli. "Sasa mbona ulinichora vizuri hivyo?"

Bibi Brashi aliichukua penseli iliyochongwa, akaijaribu ncha yake kidoleni.

Toleo la pili lilipotoka, walikwenda kulitazama katika duka la vitabu, saa tisa alasiri. Vilikuwa vitabu vizuri, vigumu kama matofali, na hakuna mtoto ambaye angeweza kuvipanua. Rafu nzima ilikuwa inagonga, polepole, kutokea ndani. Muuza vitabu alishazoea. Wateja walichagua daftari na rula pembeni yake, wakaendelea na mambo yao.

Mjukuu alisimama mbele ya rafu, akagonga sakafu mara tatu kwa mkongojo. Rafu ikanyamaza. Kisha nakala mia mbili zikajibu kwa pigo moja, mara tatu, vumbi likashuka kutoka darini na Bibi Brashi akasisimka kuanzia unyayoni. Mtoto alicheka kwa sauti. Akagonga tena, akajibiwa tena.

Muuza vitabu alivua miwani na kuwatazama bila hasira.

"Bibi," alisema, "mwambie mtoto asigonge. Kuna watu wanasoma."