Upande wa Kulia

Katika mji ule, watu wakitaka kumjua mgeni hawamuulizi ukoo wake. Wanamuuliza: wewe wa kushoto au wa kulia? Enzi za kuunda vyombo vya baharini, kila chombo kiliundwa na nyumba mbili, moja ikipigilia mbao za upande wa kushoto, nyingine za upande wa kulia, na mtoto alirithi upande wa baba yake kama anavyorithi pua. Michoro hawakuwa nayo. Fundi alichungulia kuona mwenzake amefika wapi, akalinganisha kwa jicho. Posa zimewahi kuvunjika kwa sababu hiyo, wala mimi sishangai. Watu wamegombania upuuzi mkubwa kuliko huo.

Mwanamke ninayemsimulia alikuwa wa kushoto, wa mwisho aliyebaki, na mji mzima ulimwita Bi Kushoto. Baba yake alishika kushoto, na baba yake mdogo, alipooa kwenye nyumba ya kulia, akahamia huko. Waliunda pamoja miaka mingi, mpaka siku walipokishua majini chombo kimoja kikaenda kimelala. Kila mmoja akasema upande wa mwenzake ndio mzito. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, maana watapatana kabla hujarudi. Hawa ungelima, ukavuna, ukalima tena.

Chombo walichokuwa wamekianza kikabaki kiwanjani. Upande wa kushoto ulifungwa mbao hadi juu, kwa sababu marehemu baba yake aliumaliza kwa ukaidi mtupu. Upande wa kulia ulibaki mbavu nje. Meli za chuma zikaja, viwanja vingine vikageuka maghala, na mwaka mmoja mkuu wa bandari akatangaza kuwa kiwanja kisichoshua chombo kabla ya mwaka kwisha kitamwagiwa zege, kiwe maegesho ya malori. Alimwambia Bi Kushoto kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuudhi. Kiwanja kile ndicho kilichomlea. Akajibu kwamba atashua, akaenda kutafuta mbao.

Ubao wa kwanza aliuchonga siku nzima, ukatoka mzuri hasa, ila ulikuwa wa kushoto. Wa pili vilevile. Mikono yake ilikuwa imezoea mpindo mmoja tangu utotoni, na kila alipojisahau kidogo ilirudi kulekule. Majirani wakamtania kwamba atashua chombo chenye kushoto mbili, kizunguke bandarini kama mbwa anayetafuta mkia wake. Alicheka nao, kisha akavuka barabara kwenda kwa baba yake mdogo.

Alimwamkia, akakaribishwa, chai ikamiminwa. Akaeleza shida yake. Mzee akasema yeye na kiwanja kile wameachana. Bi Kushoto akarudi siku nyingine, na nyingine tena, kwa kuwa king'ang'anizi alikuwa, na kila mara aliona jambo lilelile: kikombe cha mzee kilipoa mezani bila kuguswa. Hilo lilimchoma kuliko kukataliwa. Hata chai hataki kunywa na damu ya kaka yake! Siku moja akashindwa kuvumilia, akatoka bila kuaga.

Alikuwa amefika nje alipokumbuka mtandio wake kitini. Akarudi, hodi bado iko mdomoni, akasimama mlangoni. Mama yake mdogo alikuwa amekishika kile kikombe, anamnywesha mzee polepole. Mikono ya mzee ilikuwa mapajani, inatetemeka, haitulii hata kidogo.

Bi Kushoto aliona haya, kisha akamwonea huruma. Miaka yote hiyo mzee alikubali kuitwa mkaidi ili asiitwe asiyejiweza.

"Haya, umeona," mzee akasema bila kumtazama. "Nenda ukawaambie."

"Niwaambie nini, baba mdogo? Mikono ninayo mimi. Ninachokosa ni jicho la kulia."

Mkewe akaweka kikombe chini.

"Ule ubao wako wa kwanza niliuona kutoka dirishani," mzee akasema. "Kidogo nife kwa kicheko. Kesho nakuja, na kiti changu."

Akaja. Alikaa upande wa kulia, mikono ameifumbata kwapani, na wapita njia wakasema angalia kiburi cha mzee yule. Alipoona ubao haukukaa sawa alisema neno moja tu, "Ng'oa," na Bi Kushoto akang'oa. Waligombana juu ya kila msumari. Viganja vya Bi Kushoto vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu, na upande wa kulia ukapanda ubao kwa ubao hadi ukafika juu.

Siku ya kushua mji mzima ulikuja ufukweni. Mkuu wa bandari naye alikuja, akasisitiza kwamba chombo kielee hadi jioni, la sivyo hakihesabiki. Kikaingia majini wima, bila kulala popote. Watu hawajamaliza hata kushangilia, maji yakaanza kuingia. Hayakuingia kulia. Yalipenya kushoto, kwenye mbao za marehemu zilizokaukia juani miaka yote ile.

Bi Kushoto akarukia ndani na ndoo, akaanza kufua maji, akiyachota na kuyamwaga nje. Alijua mbao zikishanywa maji zitavimba na kujiziba zenyewe, lakini maji yalikuwa yanamshinda mbio.

Ndipo mzee alipoinuka kitini. Alitoa mikono kwapani mbele ya mji mzima, akaiacha itetemeke mbele ya macho yao, akaingia majini hadi kifuani. Bi Kushoto akamvuta ndani, akamwomba akae tu.

"Upande wa kaka yangu huu," mzee akasema. "Hauzami nami nipo."

Akashika ndoo kwa mikono yote miwili. Nusu ya maji ilimmwagikia mwenyewe, nusu ikarudi baharini, naye akainama kuchota tena.