Mpangilio wa Ularbek

Jumakadyr, dereva wa teksi ya Naryn hadi Kochkor huko Kirgizstani, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa redio. Abiria angeweza kupanda na kondoo, angeweza kukoroma mdomo wazi njia nzima, na asiambiwe neno. Lakini akinyoosha tu kidole kuelekea redio, mzee alikipiga kofi kidole hicho bila hata kugeuza macho kutoka barabarani.

Redio ile aliifunga mwanawe Ularbek wakati wa kiangazi, muda mfupi kabla ya kwenda Urusi kubeba mizigo ghalani. Kijana alikaa garini mchana kutwa akihangaika na ekwalaiza ya kurekebisha sauti, akipandisha na kushusha vile vijiti vinavyoonekana kwenye kioo cha redio, na kila mara akimuuliza baba yake, "Sasa je?" Baba alijibu sawa, sawa tu, ili amalize waingie ndani kunywa chai. Mama wa kijana alikuwa amekufa majira ya kuchipua. Sasa mwana naye hayupo, na mzee alipika chai ya mtu mmoja ikamshinda kuimaliza. Garini tu ndimo alimojiona yuko na mtu.

Abiria walilalamika kwamba redio inalia kama visu vinavyonolewa. Bibi Sonunbubu, muuza jibini kavu aliyesafiri naye kila siku ya soko, hakumficha.

"Jumakadyr, kwa mkono mmoja nimeshika mzigo, kwa mwingine nimeziba sikio. Hili la pili nilizibe na nini?"

"Ndivyo anavyopenda mwanangu."

"Mwanao yuko Urusi huko. Masikio yanayoungua ni yangu."

Mzee akacheka, wala hakugusa kitu.

Baridi kali ya kwanza ilipoingia, alifanya kama wafanyavyo madereva wote wa Naryn. Jioni alifungua betri ya gari, akaibeba ndani na kuiweka karibu na jiko isigande. Asubuhi akairudisha, gari likawaka mara moja. Redio nayo ikawaka, ila vijiti vyote vilikuwa vimejipanga katikati, sawasawa, kama redio mpya ya dukani. Redio ile ikikosa umeme husahau kila kitu, na hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Akaweka wimbo. Ngoma alizisikia. Nyuzi za komuz, gitaa dogo la kwao, hazikuwepo kabisa, na mwimbaji alikuwa kama amefunikwa blanketi. Jumakadyr aliona amemfukuza mwanawe garini kwa mikono yake mwenyewe.

"Leo redio yako ina adabu," alisema bibi Sonunbubu. Mzee alinuna hadi Kochkor.

Abiria waliposhuka alijaribu kuvirudisha vijiti, akashindwa, akampigia simu Ularbek. Kwa aibu aliuliza kwanza habari za baridi, kisha habari za chakula. Mwisho akasema ameufuta mpangilio wake wa redio, amuwie radhi, amwelekeze upya.

Ularbek akacheka. "Mpangilio wangu? Baba, mpangilio ule ulinitoboa masikio mimi."

"Sasa uliuweka wa nini?"



"Mama alikuwa akikuita kutoka jikoni, huitiki. Sauti nyembamba huzisikii tena, baba. Alinikataza nisikwambie, usije ukajiona mzee. Nikasema basi, angalau komuz usiikose."

Mzee aliitikia sawa, sawa tu. Ularbek akamwambia apandishe vijiti vya mwisho kulia hadi juu kabisa, wakaagana. Akavipandisha. Nyuzi zikarudi, kila moja mahali pake.

Hakungoja abiria wa kurudi nao. Aliendesha peke yake, redio ameizima, akiwaza ni mara ngapi aliitwa kutoka jikoni huku yeye amekaa chumba cha pili, akidhani nyumba iko kimya.