Pikapu Iliyopisha Maiti

Mzee Vester Ledford alikuwa na ombi moja tu lililobaki. Alitaka afikishwe makaburini Spruce Lick, kule mlimani, siku ya kila mwaka ya kupamba makaburi, akae karibu na mkewe aliyelala kule juu, ale kipande cha keki ya tofaa, basi. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Siku gari la wagonjwa lilipomrudisha nyumbani, alilia njia nzima kwa kurushwarushwa, na Doyle, mwanawe, hakuwahi kumwona baba yake akilia hata walipomzika mama.

Na bado mzee alichagua gari. Hakutaka jingine ila pikapu yake ya kijani ya mwaka hamsini na sita, ile aliyomchukulia mkewe siku ya harusi.

"Baba, ile pikapu inamrusha hata mtu mzima wa afya," Doyle alimwambia. "Kila shimo utalisikia mgongoni."

"Kwani wewe ni fundi au muuza karanga?" mzee akamjibu kutoka kitandani. "Itengeneze isirushe."

Doyle alikuwa fundi, tena fundi hodari, lakini uhodari haugeuzi mkokoteni kuwa kitanda. Chini ya ile pikapu kulikuwa na ekseli nene za chuma zilizofungwa kwenye springi za kulala. Gurudumu moja likiingia shimoni, la upande wa pili nalo linaruka. Alichohitaji ni miguu ya gari la spoti la kisasa, ambalo kila gurudumu lina mikono yake, na shokomzoba zake huisoma barabara na kujilegeza zenyewe. Akaenda kwa Estel, mwenye uwanja wa magari mabovu.

Estel alimwonyesha gari moja la rangi ya fedha. Paa lilikuwa limelalia viti, lakini chini lilikuwa zima, miguu yote minne haina mkwaruzo. Mafundi wa kazi hii milimani wana adabu yao: unauliza gari liligongwa wapi, huulizi nani alikuwa ndani. Doyle akauliza kama wanavyouliza wote.

"Limegongwa juu," Estel alisema. "Chini hakuna kitu. Pima mwenyewe."

Akapima, akaridhika, akaondoka nayo miguu.

Alikata chesisi ya zamani mbele na nyuma, akachomelea fremu ndogo za lile gari la spoti, akaifunga ile miguu. Magurudumu yalitokeza nje kama masikio, ikabidi atafute rimu zilizozama ndani. Mwisho akavuta kamba kila upande, akapima gurudumu kwa gurudumu mpaka yote yakawa sawasawa. Kisha akaweka kikombe cha kahawa juu ya dashibodi, akaipitisha pikapu kwenye njia mbovu ya nyuma ya gereji. Kahawa haikumwagika. Doyle alicheka peke yake kama mwehu, maana alijua sasa baba atafika.

Siku ya pili akaitoa barabarani. Karibu na kanisa, usukani ukaanza kwenda kulia. Haukumponyoka, ulivuta taratibu, kama mtu anavyokushika kiwiko akuongoze. Pikapu ikaingia majanini, ikasimama. Doyle akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, magurudumu yasisogee hata kidogo.

Ndipo kwenye kona likatokea gari la maiti, taa zikiwaka mchana kweupe, na msururu wa magari nyuma yake.

Kule milimani kila mtu hupisha maiti. Hata uwe umechelewa kazini, unaingia pembeni, unavua kofia, unangoja gari la mwisho lipite. Doyle naye akavua kofia. Lilipopita la mwisho, usukani ukawa mwepesi na pikapu ikaondoka kana kwamba hakuna lililotokea. Akajiambia ni bahati tu.

Mara ya pili alikuwa na mkewe, Twyla. Usukani ukavuta, pikapu ikasimama majanini, barabara tupu mbele na nyuma.

"Umesahau kuendesha?" Twyla akamtania.

"Siyo mimi. Ngoja."

"Ningoje nini, Doyle? Kuna nyama ya kuku inaharibika kwa jua—"

Kwa nyuma yao zikatokea taa. Gari la maiti likapita, watu wamekaa kimya ndani ya magari yao. Twyla alimshika mumewe paja, akaliminya mpaka likauma.

"Ilijuaje?" akanong'ona.

Doyle alirudi gereji akavuta kamba zake upya. Magurudumu yalikuwa sawasawa. Akalala chini ya pikapu, akakagua kila bolti, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi aliogopa kuwa chini ya gari. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Estel.

"Nani alikuwa ndani ya lile gari?"

Estel akatema tumbaku yake pembeni. "Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa, bwana."

"Kijana mmoja, si wa huku. Alikuta msafara wa maiti mlimani, akaona unamchelewesha. Akaanza kuupita, gari moja baada ya jingine, anapiga honi, hata gari la maiti lenyewe akalipita. Kwenye kona akakutana na lori la magogo. Dereva alijitahidi kumkwepa, minyororo ikakatika. Magogo yote yakamwangukia juu." Estel akatazama chini. "Hayo ndiyo niliyosikia. Miguu ilikuwa mizima, Doyle. Sikukudanganya."

Kuing'oa ile miguu na kurudisha ya zamani kungechukua wiki nyingi, na kupamba makaburi kulikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja. Mwaka mwingine baba hakuwa nao. Twyla alimsihi aiache pikapu nyumbani. Alisema kitu kilichojifunza adabu kwa njia ile si cha kumpandishia mgonjwa. Doyle hakulala. Asubuhi akamweleza mzee kila kitu, akitumaini atakataa mwenyewe.

Mzee alisikiliza, akakohoa, akasema, "Basi yule kijana ametubu kuliko wengi ninaowajua. Nipe shati langu jeupe."

Wakapanda mlima wawili, Twyla akiwa ametangulia na vyakula. Pikapu ilikwenda kama inayoelea. Mzee alifumba macho kwenye shimo la kwanza, akayafumba la pili, kisha akayafumbua, akaweka mkono dirishani kama kijana. "Loo," alisema. "Laiti mama yako angeipanda hii." Doyle akatazama barabara.

Kwenye bega la mlima, penye mti wa mwaloni mweupe uliopigwa radi, usukani ukavuta kulia.

"Hapana," Doyle akasema. Akaushika kwa nguvu zake zote. "Si leo. Tafadhali, si leo."

"Mwachie," baba yake akamwambia. "Usishindane naye."

Pikapu ikasimama majanini. Doyle akavua kofia, akaitazama barabara kwenye kioo. Hakukuwa na kitu. Upepo hakuna, ndege hakuna, barabara tupu imenyooka kwenye jua. Alipogeuka akamkuta baba yake naye amevua kofia, ameibana kifuani, na macho yake yanafuata kitu kinachopita dirisha la upande wa dereva, polepole, kuelekea juu.

"Baba?"

"Shh."

Mzee akainua vidole viwili, vile anavyomsalimia mtu barabarani, akavishusha.

"Unamsalimia nani?"

"Dereva mmoja. Macho mekundu, lakini anaendesha vizuri." Akaendelea kutazama. "Watu wengi, jamani. Sikudhani." Kisha uso ukamlegea, machozi yakamtoka bila maumivu. "Hata Lonzo. Tazama, hata Lonzo amekuja."

Lonzo alikuwa mdogo wake mzee. Waligombania mpaka wa shamba Doyle akiwa bado hajaoa, na tangu hapo hawakuwa wamesemeshana. Doyle alitazama tena barabara, akaiona tupu, na akaelewa msafara ule ni wa maziko ya nani. Hakutaka kuelewa, lakini akaelewa.

"Haya," mzee akasema, akivaa kofia. "Wamekwisha pita. Twende, keki itaisha."

Na walifika. Mzee aliketi kwenye kiti kando ya kaburi la mkewe, akapanga maua ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe, akala keki ya tofaa vipande viwili na kuomba cha tatu. Watu walisema hawajamwona amechangamka vile tangu augue.

Mwezi haukuisha, mzee akafariki.

Siku ya maziko Doyle aliendesha pikapu nyuma ya gari la maiti, Twyla kando yake. Hakujua kama itakubali, lakini ilikwenda imenyooka, maana safari hii haikuwa na wa kumpisha. Ilikuwa ndani ya msafara. Kwenye kioo aliona gari baada ya gari, mengi kuliko alivyodhani. Katikati yao kulikuwa na gari kuukuu la Lonzo, naye Lonzo mwenyewe ndani ameshika usukani kwa mikono miwili.

Wakafika kwenye ule mti uliopigwa radi. Pikapu ya kijani, ileile aliyokuwa akiiendesha, ilikuwa imesimama majanini.

Kwenye usukani kulikuwa na mwanamume aliyeweka kofia pajani, anahangaika kutazama huku na huku, uso umemsawijika kwa hofu. Doyle aliujua uso ule. Huunyoa kila asubuhi. Mtu yule alimtazama machoni na hakuona kitu. Lakini kando yake mzee mwenye shati jeupe alikuwa anaona, kofia kifuani, na akainua vidole viwili.

Doyle naye akainua viwili vyake kutoka kwenye usukani.

"Unampungia nani?" Twyla akauliza. Upande wake kulikuwa na majani tu.

Doyle alifuta macho kwa kiganja, akashika usukani vizuri, akaendelea kuendesha polepole, asimrushe mtu.