Ukoko wa Mama Masufuria

Tangu arudi kutoka hospitali, mke wangu alikuwa hali kitu. Uji ulimshinda, supu aliitazama kama mtu aliyemtukana. Asubuhi ile akafungua mdomo mwenyewe: "Nina hamu ya ukoko wa Mama Masufuria."

Nusura niruke dirishani kwa furaha. Ukoko! Wali ulioungua chini ya sufuria, kitu cha bure. Mama Masufuria ni shoga yake tangu utotoni, na desturi yake pale sokoni ilijulikana: wali unauzwa, ukoko hauuzwi. Wanapewa wagonjwa, wenye mimba na waliomsaidia kuosha vyombo. Nikachukua bakuli lenye mfuniko, nikashika njia.

Sikuwa nimekanyaga sokoni tangu mke wangu aanze kuugua, na nilipofika nilidhani nimepotea. Wageni wa ile hoteli ya kisiwani walikuwa wamegundua kwamba chakula cha kule kinakamua mifuko, basi wanavuka na boti kuja kula rahisi kwetu. Vibanda vimepakwa rangi za pipi. Mabenchi yamejaa magoti mekundu ya wageni. Sisi wengine tunakula wima kule nyuma, karibu na mapipa ya taka. Jua lilikuwa kali hadi kivuli changu kikaniacha, kikaenda kukaa chini ya meza ya watu.

"Shemeji!" Mama Masufuria aliniona. "Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Hali kitu. Anataka ukoko wako tu."

"Jamani, mwenzangu! Subiri wali huu uishe. Ukoko wote wa kwake."

Nikasubiri na bakuli langu. Wali ulipokwisha, mgeni mmoja, bonge la mtu mwenye kofia pana kama ungo, akachungulia sufuria na kuuliza kitu. Anayewatembeza wageni ni jamaa tunayemwita Kasuku, maana lugha zote anazijua isipokuwa ya kunyamaza.

"Babu, anauliza hicho cha chini ni nini."

Nikaiona hatari. Nikaamua kumtetea mke wangu kwa silaha niliyozaliwa nayo, yaani uongo.

"Mwambie asiguse! Jirani yangu alikula kipande, akalala miezi mitatu. Alipoamka, nywele zimeota hadi kwenye visigino, meno mapya yamejaa mdomoni, na mkewe hakumtambua. Akamfukuza!"

"Meno mapya?" Kasuku akanichungulia mdomoni, ambamo meno ya mbele yaliondoka zamani bila kuaga. "Mbona wewe hukula?"

"Niliogopa kufukuzwa."

Watu wa nyuma wakacheka. Kasuku akawageukia wageni, akasema maneno mengi kuliko yangu, huku akizivutavuta nywele zake. Yule bonge akavua kofia. Kipara kikang'aa kama sahani. Mara wageni wote wamesimama, noti mikononi.

"Wewe, umewaambia nini?"

"Ulichosema, babu. Nywele na meno. Kulala na kufukuzwa nimeviruka."

"Shemeji," nikaita. Mama Masufuria hakugeuka. Alizitazama zile noti, akatazama paa la kibanda chake lililotoboka, akazirudia noti. Akashika mwiko, akakwangua. Akaupanga ukoko kwenye sahani, akaukamulia ndimu, akaupamba na jani.

"Mwambie shoga yangu kesho," alisema, mgongo kwangu. "Kesho, shemeji, naapa."

Kesho! Mgonjwa wangu nani kamhakikishia kesho?

Mwenye kipara akang'ata mara moja, akakunja uso, akajipapasa kichwa. Hakuna kilichoota. Akasukuma sahani, wakaondoka kuwahi boti. Mfagiaji alikuwa anakuja na ndoo ya makombo. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikafungua bakuli.

Nyumbani mke wangu alijiinua kitandani bila kushikwa. Akanusa.

"Siku hizi anatia ndimu?"

"Siku hizi ana maendeleo. Anakusalimia sana."

Akageuza kipande. "Na hapa nani kang'ata?"

"Mimi, njiani. Njaa."

Akanitazama mdomoni kwa muda mrefu. Ukingo wa ule ukoko ulikuwa na alama za meno ya mbele, safu nzima, yamepangika kama vigae.

Alianza kula kutoka upande mwingine, taratibu, machozi yakimdondoka bakulini, mpaka akapafikia penye meno ya mgeni. Hapo akaishia. Akanirudishia bakuli, akajilaza, akageukia ukuta.

Kile kilichobaki nikakimumunya mimi.