Vipande vya Sikio

Fundi cherehani aliketi kwenye kiti cha ngozi kilichochanika pembeni, miwani yake ameifunga kwenye leso mapajani, huku muuguzi akimfuta sikio la kushoto kwa dawa ya kahawia. Kwenye ukingo wa sikio hilo, upande wa chini, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya dengu. Kipimo kilikwisha sema ni saratani ya ngozi. Dada yake mkubwa alisimama mlangoni na mikoba ya wote wawili.

Fundi hakuogopa kisu. Aliomba jambo moja tu: pale juu, miwani inapokaa, paachwe. Bila miwani haoni tundu la sindano, na bila sindano hali.

"Usijali, mama," alisema daktari bila kumtazama.

Akachoma ganzi, akakata kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akakiweka kwenye kisahani. Kipande kilikaa kimya. Mpimaji wa chumba cha pili akakichungulia kwenye hadubini, akarudi kusema saratani imetoka yote, kingo ni safi. Daktari akamshukuru, akashika kisu, akakata kingine.

Hiki kikasema, "Mimi mzima."

Kilisema kwa sauti ya fundi mwenyewe, ile ya kumwambia mteja kwamba suruali haijawa tayari. Muuguzi akakiomba kishushe sauti, kuna wagonjwa wengine. Kilichofuata kiliamkia kwanza, ndipo kikasema kama mwenzake. Kilikuwa na malezi. Daktari aliitikia salamu, akaendelea kupanda juu.

Dada mtu akauliza kulikoni. Muuguzi, huku akikunja pamba, akamweleza bila kuficha kwamba hapa daktari akikata analipwa, akikata tena analipwa tena. Mgonjwa kupona hakumo kwenye hesabu.

"Kwa kipande, dada. Kama mfyatua matofali."

"Mfyatua matofali habomoi ukuta wa mtu ili apate udongo."

Daktari alisikia, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshiba. "Sikio halipiti kichwa," akasema.

"Na kichwa kisicho na sikio kinavaa wapi miwani?" akauliza dada mtu.

Swali hilo halikuwa na malipo, kwa hiyo hakulijibu.

Pale pa miwani palikatwa mwisho. Kipande chake hakikulalamika sana. Kilisema tu, kwa upole, "Daktari, si tulikubaliana?"

Fundi alirudi nyumbani na bandeji. Miwani akaifunga kichwani kwa lastiki ya sketi, lakini kila akiinamia cherehani inamteleza hadi ncha ya pua, na mshono unakwenda upogo. Wateja wakaanza kumkimbia, kwanza wa sare za shule, kisha hata majirani wa kupunguza pindo.

Dada yake akaenda kushitaki kwa wakubwa wa hospitali, vipande vyenyewe akivibeba ndani ya chupa, viwe mashahidi. Wakubwa wakavisikiliza mpaka vikamaliza, wakavipa pole. Wakafunga mlango, chai ikaletwa, wakajadiliana kwa kirefu. Walipotoka walikuwa wameamua: kipande kinachosema kilipwe zaidi ya kilicho kimya, kwa kuwa kinamchosha daktari.

Tangu hapo daktari, kabla hajashika kisu, humwuliza mgonjwa kwa heshima zote kama ni mwongeaji.