Mabati ya Mwamini

Siku alipoachana na Seleman, Mwamini aliapa mbele ya wakwe zake wote kule Chunyu kwamba hatalala tena chini ya bati la mwanamume yule. Na Mwamini akishaapa, hata umbembeleze vipi, hageuki. Alirudi kwao Naipingo, akalima, akafyatua tofali, akapandisha nyumba yake mwenyewe. Ikabaki kuezeka tu, na mvua zilikuwa zinabisha hodi.

Mabati mapya bei yake ilimshinda. Binti yake, Hajra, ndiye aliyemwonyesha kwenye simu duka la Prisca wa Nachingwea mjini, anayeuza mtandaoni mabati, milango na mbao za nyumba zinazobomolewa, ili vitu vizima visiishie jalalani. Kila kimoja kina picha, vipimo na stika. Ukiimulika stika kwa simu, inakwambia kimetoka nyumba gani. Mwamini akachagua mabati ya zamani, mazito, yasiyo na kutu. Yakaletwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo.

"Mulika, tujue ukoo wake," alisema akicheka. "Siezeki kitu nisichokijua."

Hajra akamulika, kisha akaisogeza simu karibu na macho.

"Soma basi!"

"Mama... yametoka Chunyu. Kwa baba."

Fundi Leonard, aliyekuwa ameshapanda kwenye kenchi za paa, akashuka polepole. Kiapo kile nani asiyekijua? Uchungu wote wa zamani ukamrudia Mwamini. Upande wa Ruangwa ngurumo zilikuwa zimeanza.

"Nipigie huyo mtu!"

Hajra akapiga, akafungua spika. Seleman akapokea.

"Mimi Mwamini. Mabati yako yamefika kwangu, njoo uyachukue. Niliapa, nawe ulisikia."

"Nilisikia, mama Hajra. Lakini mabati yangu yapi? Si yale uliyonunua kwa ufuta wako, Hajra akiwa anatambaa? Siku ile unaapa nilitaka kukwambia, nikaona aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nalala chini ya bati lako, miaka yote hii, hadi nilipobomoa nyumba."

Kicheko kikamtoka Mwamini, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Kweli tupu! Hasira ilikuwa imemsahaulisha mali yake mwenyewe.

"Kwa hiyo nimeyanunua mara mbili, mwizi mkubwa wewe!"

"Basi misumari juu yangu," Seleman akasema, naye anacheka. "Fundi akachukue dukani, nitalipa."

"Leonard, panda!" Mwamini akapaza sauti.

Hajra alikuwa bado ameshika simu. Duka la Prisca humwachia mnunuzi asahihishe taarifa na kujaza mabati yalikokwenda, ili siku yakishushwa tena, atakayeyapokea ajue.

"Mama, huku nijaze nini?"

"Hapo penye jina la baba yako, futa. Andika yametoka kwa Mwamini."

"Na yamekwenda wapi?"

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Mwamini puani. Hakulifuta.

"Kwa Mwamini."